Pegi ya Tisini na Sita

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake, kwa sababu sijui, na hata ningejua sioni ingesaidia nini. Ninachojua ni kwamba mzee huyo alinunua pegi nyingi, vile vibanio vya nguo, kuliko mwanamke yeyote wa Nyeri, na nguo zake mwenyewe alizitandaza juu ya ua wa miiba bila pegi hata moja. Haki, hapo ndipo aliponichanganya mara ya kwanza, na mpaka leo sijajinyoosha vizuri.

Nina duka la vyombo mjini, upande wa soko. Nauza mabeseni, ndoo, mifagio, sufuria na hizo pegi. Yeye tulimwita Fundi. Mafundi ni wengi hapa, wa viatu, wa redio, wa mabati, lakini ukisema Fundi peke yake kila mtu alijua unamaanisha yule mzee wa magitaa wa Ruring'u, mwenye koti la kijivu na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa akija asubuhi nikifungua, kabla wateja hawajajaa, na anasimama mbele ya pegi kama mtu anayechagua mbegu.

Za plastiki hakuzigusa. Alitaka za mbao, na kila moja aliipima. Unajua aliipima namna gani? Aliibana kwenye ncha ya sikio lake! Anasimama hapo dukani kwangu, pegi inaning'inia sikioni, macho ameyafumba, anasikiliza maumivu.

"Hii imelala," anasema, anairudisha. Anachukua nyingine. "Hii inauma. Hii ni mzuri."

Nikamuuliza siku moja, "Fundi, kwani uko na nguo ngapi?"

"Tatu."

"Na hizi pegi zote ni za nini?"

"Ni za kazi, Mama Wambui. Kwani wewe unauza ama unauliza?"

Akaenda zake. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Ndivyo alivyokuwa. Ulikuwa hujui kama amekutukana ama amekutania, na ukiendelea kufikiria, yeye ameshafika Ruring'u.

Kazi yenyewe niliiona siku aliposahau kofia dukani nikampelekea. Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Juu ya meza kulikuwa na gitaa ambalo halikuwa na uso wala mgongo, mbavu tu, zile mbao nyembamba zilizokunjwa zikazunguka. Na pegi zangu zilikuwa zimesimama ukingoni pande zote, bega kwa bega, hakuna nafasi ya kupitisha kidole. Nilibaki mlangoni na kofia mkononi.

"Ingia, usisimame hapo, unaleta baridi," akasema. "Gundi haipendi baridi."

Kwa mara ya kwanza alinieleza kitu, na kwa upole. Ubavu wa gitaa ni mwembamba sana, akasema. Ukitaka kubandika uso juu yake, gundi itashika wapi? Hakuna mahali. Kwa hivyo unatengeneza utepe wa mbao, yeye alipenda wa mti wa saiprasi, unaupinda kwa paipu ya moto, unaupaka gundi na kuuzungusha kwa ndani ukingoni, ili uso na mgongo vipate mahali pa kukalia. Huo utepe ni lazima ubanwe kila sehemu kwa wakati mmoja, siku nzima, mpaka gundi ikauke. Ukiacha sehemu moja bila kubanwa, hapo ndipo gitaa litaachana baada ya miaka.

"Watu ya pesa wako na klampu," akasema. "Klampu za chuma, sabini, themanini. Mimi niko na pegi."

Pegi peke yake, akaniambia, ni mvivu. Kwa hivyo kila moja aliizungushia blada kwenye mdomo, ule mpira unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, tunaofungia nao mizigo. Akanibana kidole kwa moja. Woi! Nilipiga kelele. Yeye akatikisa kichwa, ameridhika kabisa, kama daktari aliyepata alichokuwa akitafuta.

Wakati mmoja alikuwa ameziacha pegi akajaribu njia nyingine. Alikata paipu ya maji vipete vidogo, akavipasua upande mmoja viweze kubana. Vilikuwa rahisi, na vilifanya kazi vizuri mpaka baridi ya Julai. Baridi ile ikaingia, ukungu umefunika mji wiki nzima, plastiki ikakakamaa, na vile vipete vikaanza kupasuka kimoja baada ya kingine na kuruka. Kimoja kilimpata kuku jichoni. Yule kuku alikuwa bado yuko, ana jicho moja, na Fundi alimlisha kwa mkono kwa sababu, alisema, "huyo ni deni yangu."

Sasa sikiliza maajabu. Huyu mtu aliyelia kila siku kwamba hana klampu, alikuwa nazo! Mteja mmoja wa Timau, mtu wa mashamba ya maua, alifurahia gitaa lake akamletea sanduku zima la klampu za chuma, mpya, zinang'aa. Unajua zilikuwa wapi? Nne zilishikilia bati la kibanda cha kuku lisipeperushwe. Moja ilizuia mlango. Zingine zilikaa sandukuni chini ya meza.

"Fundi, si hizi hapa?"

"Chuma haisikii," akasema. "Inafinya tu. Inafinya mpaka gundi yote inatoka, mbao inabaki kavu. Pegi inajua kuacha."

Nikakubali. Lakini wiki ile ile nilimsikia akimwambia mteja mwingine kwamba angekuwa na klampu kama watu wa nje angemaliza magitaa mawili kwa mwezi. Sasa mimi nishike lipi?

Na si hilo tu. Fundi alikuwa mzee wa kanisa katika kanisa lisiloruhusu ala yoyote ndani, hata kayamba. Wao huimba kwa sauti tupu. Jumatatu hadi Jumamosi anatengeneza magitaa, Jumapili anakaa mbele mahali ambapo gitaa haliwezi kupita mlangoni. Nilimuuliza kama mchungaji wake hamsumbui. Akasema mchungaji anajua, seremala wa jeneza pia si lazima apende kuzikwa. Na muziki wenyewe hakuupenda! Sikuwahi kumsikia akipiga wimbo. Gitaa likiisha analigonga mgongo kwa kifundo cha kidole mara tatu, anasikiliza, anasema "iko sawa," basi. Nyimbo atapiga mwenyewe aliyelinunua.

Pesa hakuzihesabu. Unampa, anatia mfukoni bila kuangalia. Lakini pegi, ai! Pegi alizihesabu kama mama mwenye watoto wengi anayevuka barabara. Zilikuwa tisini na sita, dazeni nane. Kila moja ilikuwa na namba yake, aliiandika kwa kalamu ubavuni, kuanzia moja hadi tisini na sita, na ikilegea aliitupa, namba yake akaipa mpya. Alizitunza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Kabla ya kupaka gundi anahesabu, akizitoa kesho yake anahesabu, na kabla ya kufunga mgongo wa gitaa anazimwaga zote mezani, anazipanga kwa mstari, na kuhesabu tena kwa sauti. Mara moja nilimkuta ameinama chini ya meza na tochi, jasho linamtoka na ilikuwa baridi, mgongo wa gitaa uko tayari na gundi imeanza kukauka. Sabini na mbili ilikuwa haionekani.

"Mzee, funga tu," nikamwambia. "Nitakupa nyingine bure."

Aliniangalia vibaya, akaendelea kutafuta. Gundi ikakauka, kazi ya siku ikaharibika. Sabini na mbili ilipatikana ndani ya koti lake. Nilienda nyumbani nikisema huyu mzee kichwa chake kinahitaji maombi.

Tena kuna ile harusi ya Karatina. Watu wamekaa, bendi inapiga, bwana harusi anacheza na mama yake, na Fundi anainuka na koti lake la kijivu, anaenda moja kwa moja kwa mpiga gitaa, anatoa tochi ndogo na kioo cha kunyolea ndevu, anaanza kuchungulia ndani ya tundu la gitaa. Katikati ya wimbo! Yule kijana alidhani anaibiwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliona haya kwa niaba yake, nikamvuta mkono.

"Unatafuta nini humo?"

"Hakuna," akasema. "Hiyo haina."

Nilisikia baadaye kwamba alifanya hivyo kila mahali, Kutus, Kangema, kokote alikokuta gitaa la zamani. Haina. Haina nini? Hakusema, na mimi nilichoka kuuliza.

Sasa nije kwa gitaa la mume wangu, maana hilo ndilo lililonifanya nimtukane mzee wa watu mbele ya soko.

Mume wangu alikuwa askari kutoka magharibi, aliletwa Nyeri kwa kazi akabaki kwa ajili yangu. Gitaa lake alilinunua kwa mtu Kutus, halikuwa jipya hata wakati huo. Alipiga Jumapili alasiri, nje, na viatu amevua. Lile gitaa lilikuwa na kitu. Ukipiga waya wa tatu, kulikuwa na mlio mwingine chini yake, mdogo, zzz, ndani kabisa. Yeye alisema ni nyuki. Wambui alipokuwa mdogo alikuwa akiweka sikio kwenye tundu na kumwambia, "Nyuki, toka." Wengine walimshauri alipeleke likatengenezwe. Alikataa. Alisema nyuki huyo ndiye anayemwambia kwamba hilo ni gitaa lake na si la mtu mwingine.

Alipofariki, nililiweka juu ya kabati jikoni. Kosa langu. Mvuke wa sufuria na baridi ya huku vililimaliza. Siku moja nikalishusha, nikaona mgongo umeanza kuachana na ubavu, na ukipiga waya wa tatu unasikia sauti kavu tu, hakuna nyuki. Nililia kuliko nilivyolia mazishini, na sioni haya kusema. Sauti yake mwenyewe nilikuwa nimeanza kuisahau, ile ya kuongea. Nilibaki na hiyo ya nyuki, na sasa hiyo pia imeenda.

Nikalipeleka kwa Fundi. Nikamwambia, na nakumbuka nilivyosema, "Sitaki gitaa zuri. Nataka lilie vile lilivyokuwa likilia. Kuna nyuki ndani. Usimguse."

Akachukua tochi na kile kioo chake. Akachungulia. Akakaa hivyo muda mrefu sana, mpaka nikadhani ameumwa. Akauliza, "Alinunua wapi?"

"Kutus."

"Kuja Ijumaa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu.

Nilienda Ijumaa. "Kuja Ijumaa ingine." Nilienda. Gundi haijashika, kuja mwisho wa mwezi. Baridi imezidi, kuja Septemba. Fundi yeyote wa hapa atakuambia kuja Ijumaa, hilo nimelizoea, lakini Ijumaa zangu zilifika miaka minne! Na katika miaka hiyo aliwatengenezea watu magitaa, niliyaona yakitoka. Langu lilikuwa kwenye rafu, limefunikwa shuka, na nikikaribia anasimama katikati.

Nikasema ameuza mbao zake. Nikasema ameliharibu. Basi siku moja akaja dukani, amebana pegi sikioni, na mimi kitu kikanipanda. Niliinyakua ile pegi sikioni mwake. Nikamwita mwizi. Nikamwambia anaibia wajane na Jumapili anakaa mbele kanisani. Soko lote lilisikia. Nikamwambia pegi zangu asinunue tena, aende Karatina.

Alishika sikio lake, akaenda. Nilisikia kweli alikuwa akienda Karatina kununua pegi, mzee wa umri ule, na nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa wiki moja hivi. Baadaye kila nikipanga zile pegi za mbao nilikuwa naudhika, na sikujua ninaudhika na nani.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nikasikia binti yake wa Timau anakuja kumchukua, kwamba hawezi kazi tena. Nikaogopa. Si kwa ajili yake, nitasema ukweli, niliogopa gitaa. Nilifunga duka asubuhi hiyo hiyo nikaenda Ruring'u.

Alikuwa amekaa mbele ya meza. Lile gitaa liko mbele yake, mgongo umetolewa, utepe wa upande mmoja umening'inia. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye vifundo. Alikuwa na pegi moja mkononi, anajaribu kuifungua, na haifunguki.

"Umekuja kuchukua," akasema.

"Nimekuja kuchukua."

"Keti, Mama Wambui. Nikuambie, halafu unitukane."

Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na pegi. Nzee, nyeusi kwa umri, springi imeshika kutu, haina namba.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Nilikuwa na haraka. Nikafunga mgongo, nikauza. Kuhesabu baadaye, ziko tisini na tano. Sikujua ni gitaa gani. Gitaa zilikuwa zimeenda nne, tano hivi. Miaka yote hiyo najua kuna gitaa yangu inatembea na pegi ndani, na watu wanasema, ni nani huyo fundi mjinga. Ndio nikaandika namba. Ndio nikatafuta."

Mimi nilikuwa natazama ile pegi tu. Midomo ya pegi ilikuwa inacheza kidogo alipoishika, kwa sababu springi ilikuwa imelegea, na nikasikia. Zzz.

"Ndiyo nyuki," nikasema.

"Ndiyo nyuki. Ilikuwa imebana utepe hapa; utepe ukaachana, ikanyamaza." Alinionyesha alama nyeupe kwenye mbao. "Uliniambia nisiguse. Mimi nilikuwa nimetafuta miaka thelathini, mama! Ulipoenda tu, nikafungua mgongo, nikaitoa, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikaihesabu, ile iliyopotea. Tisini na sita. Halafu ndio nikakumbuka maneno yako."

Kuku wa jicho moja aliingia, akazunguka, akatoka.

"Nimerudisha hiyo pegi mara ngapi sijui. Naweka hapa, natoa, nasogeza kidogo. Lakini gitaa ikiwa wazi haisemi ukweli. Ni lazima ufunge ndio ujue. Na nikifunga na si yenyewe? Nimemuua huyo nyuki mara ya pili. Ndio nikawa nasema Ijumaa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika mkono. Sikujua nianze na lipi, kwa hivyo nikauliza gundi iko wapi.

Basi nikawa vidole vyake. Yeye alipaka gundi, hilo aliliweza, na mimi nikabana utepe ulioachana, pegi baada ya pegi, moja, mbili, tatu. Alinigombeza kila mara. "Karibu zaidi! Hapana, hiyo imelala, weka ingine." Dole gumba langu liliuma siku tatu. Kesho yake nikarudi, tukatoa pegi, tukazipanga mezani kwa mstari. Akahesabu kwa sauti zile zenye namba. Siku zote ziliishia tisini na sita. Safari hii alikuwa ametoa ya mwisho mwenyewe, ameirudisha kwenye mkebe ili ile nyeusi ichukue nafasi yake.

"Tisini na tano," akasema. Akanipa ile nyeusi. "Weka wewe. Mimi mkono wangu ulishaitoa."

Niliibana kwenye ile alama. Sikujua kama imekaa sawa. Nilimtazama, na yeye pia hakujua, niliona machoni. Tukaweka mgongo, tukauzungushia blada ndefu, tukavuta pande mbili, mimi huku na yeye kule, mpaka gundi ikatokeza mstari mzuri ukingoni. Nilimwomba msamaha wa yale maneno ya sokoni tukiwa bado tumeshika blada. Akasema, "Vuta, usilegeze."

Siku ya tatu binti yake alikuwa ameshapakia vitu kwenye gari. Fundi alikuwa amelitia waya usiku uliopita, sijui kwa vidole gani. Hakuligonga mgongo mara tatu. Alinipa tu.

Mimi sijui kupiga gitaa. Niliketi pale nje, nikaliweka magotini, nikatafuta waya wa tatu kwa kidole gumba, nikaupiga.

Ulilia. Na chini yake, kuna kitu kililia pamoja nao, kidogo, ndani. Nilifumba macho nitafute viatu vilivyovuliwa, Jumapili, yeye. Kulikuwa na kitu. Lakini kilikuwa chembamba kuliko nilivyokumbuka, ama ni mimi niliyekuwa nakumbuka vibaya, ama sikio langu limezeeka. Machozi yalinitoka na bado sikuwa na uhakika ninalilia nini.

"Ni yeye?" Fundi akauliza.

"Sijui, Mzee. Haki sijui."

Binti yake aliita kutoka garini. Yeye hakugeuka. Yule mtu ambaye sikuwahi kumwona akisikiliza hata wimbo mmoja alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaweka sikio karibu na tundu.

"Hata mimi sijui," akasema. "Piga tena."